Debe Zima la Maji

Asubuhi za kipupwe Newala ilikuwa kisiwa. Ukisimama ukingoni, pale nchi inapokatika na kushuka hadi bonde la Ruvuma, huoni bonde wala mto. Unaona ukungu mweupe umetulia mpaka upande wa Wareno, na vilele vichache vimechomoza juu yake. Sisi tuliozaliwa huku juu tuliuita ukungu, basi, tukaendelea na kazi.

Mwingereza alikuwa bado yupo kaka yangu aliporudi kutoka Mafia, alikokwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya minazi. Alirudi na mke. Kwetu hilo lilikuwa geni, maana Mmakonde akioa huhamia kwa wakwe zake. Bibi harusi wa kuletwa kwa lori kutoka Lindi, akipita Masasi na majabali yake, hatukuwa tumemwona. Mjomba wa bibi harusi alikubali kwa sharti moja: kabla ya mvua kuanza, angekuja mwenyewe kumwuliza mpwa wake kama anabaki. Akikataa, angeondoka naye. Kaka alitueleza sharti hilo mara moja tu, akitazama chini.

Jioni aliyofika wifi yangu, mama alimwekea maji ya kuoga, debe zima. Mabomba ya serikali tuliyasikia kwa watu wa boma tu. Wanawake walishuka mteremko kabla ya mapambazuko, wakachota chemchemini, wakapanda na maji kichwani. Debe lile ndilo lilikuwa maji yote ya nyumba. Lakini mgeni hapewi nusu. Tulikaa barazani tukisikiliza kata baada ya kata ikimwagika nyuma ya ua wa nyasi, naye akiimba polepole.

Alitoka ananukia liwa, manukato ya pwani. "Ahsante, mama. Yaliyobaki nimemalizia miguu."

"Vizuri, mwanangu," mama akasema.

Tulikula muhogo wa kuchoma, kwa sababu ugali hausongwi bila maji. Wifi aliusifu sana.

Mimi nilikuwa nimekwisha toka unyagoni, nikapewa kazi ya kumzoesha. Nilimpeleka porini kuchimba ming'oko, viazi vya mwitu. Nilimwonyesha kubangua korosho bila kuunguzwa na utomvu. Nikamweleza kwamba maji ya kunawa uso huoshea vyombo, na ya vyombo humwagilia miche.

"Na samaki wenu wanaishi wapi?" aliniuliza.

"Kwenye gunia la mchuuzi."

"Wamekauka hivi?"

"Hata wewe utakauka, wifi. Subiri kidogo."

Alicheka, lakini kadiri kiangazi kilivyoendelea kicheko chake kilipungua. Jioni alikaa ameelekea mashariki, iliko bahari. Kaka alimtazama yeye, na mama alimtazama kaka.

Asubuhi moja tukaamka wifi hayupo. Kaka alitoka mbio kuelekea njia ya malori. Mimi nikaenda ukingoni.

Alikuwa ameketi juu ya jiwe, amejifunika khanga.

"Wifi, mbona hamkuniambia kama mna bahari?"

"Ni ukungu tu huo."

"Najua. Hebu kaa utazame."

Nikakaa. Ukungu ulikuwa unasogea taratibu, unapanda mteremko kidogo, unarudi. Haukuwa na sauti. Halafu ndani yake tukasikia wanawake wakizungumza. Likachomoza debe, kisha uso chini yake, kisha debe jingine, kama watu wanaopanda kutoka chini ya maji. Wa tatu alikuwa mama.

"Wanatoka wapi?" wifi aliuliza.

"Chemchemini."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Aliyatazama madebe. "Na siku ile niliyofika?"

Mama alikuwa amekwisha tufikia, anahema, bega limelowa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mmeamkia huku leo?"

Wifi alilishika debe, akalitua kutoka kichwani kwa mama, akajitwika mwenyewe. Hakuwa na mazoea. Maji yakamchuruzika usoni.

"Unamwaga," mama akamwambia. Ilikuwa mara ya kwanza kumkemea. Wifi akainua shingo, akaanza kutembea, anatabasamu chini ya maji yale. Kaka alitukuta njiani akiwa na vumbi hadi magotini, akageuka, akatufuata.

Mjomba wa wifi alikuja kama alivyosema, kwa lori lile lile la Lindi, mzee mwembamba mwenye kofia ya kiua. Wifi alimwandalia maji mwenyewe. Debe zima. Mzee alipoanza kuoga, wifi akasogea karibu na ua wa nyasi.

"Mjomba, naomba usimame ndani ya karai. Maji yasipotee. Nina mpapai wangu."

Kata ilinyamaza. Kisha tukasikia karai linavutwa, na mzee anacheka peke yake.

Wakati wa chakula mzee alimwuliza wifi juu ya huo mpapai, ameupanda wapi, umefika wapi. Swali lililomleta hakuliuliza.