Siku Mama Aliamini Medali Yangu

Medali yangu balinipatia mu muji ya Beni, mbele ya fanfare ya tarumbeta na bamama ba kanisa. Mukubwa moja wa jeshi alisoma karatasi mu Kifaransa, mwingine akaigeuza mu Kiswahili: huyu kapiteni na baaskari bake balifukuza adui, Kalunguta yote ni salama. Batu bakapiga makofi. Mimi pia karibu nipige, maana huyo kapiteni alikuwa mwanaume kweli.

Ukweli? Tulifika ku muto, adui akiwa ng'ambo. Tulikaa pale siku tatu, mvua inatunyeshea, tunakula mihogo ya batu, kisha tukaitwa kurudi. Lakini mutu akikusifu mbele ya batu, utamukatiza? Nilisimama wima, kifua mbele.

Njia ya muongo ni fupi. Yangu ilifika mpaka Mulekera tu, mutaa ya palepale Beni, kwa chumba ya kupanga kwenye mama alikimbilia wakati aliacha shamba yake ya kahawa kule Kalunguta, ng'ambo ya ule muto. Kesho yake asubuhi nilimukuta anafunga sufuria, jembe na mbegu ya maharagi juu ya pikipiki ya kukodi.

«Mama, unaenda wapi?»

«Heee! Kwetu! Si ulifukuza adui?»

Nikasema njia iko na matope. Akasema matope anayajua tangu hajanizaa. Nikasema angojee kwanza ruhusa.

«Ruhusa ya kuenda ku shamba yangu? Aka!»

Akapanda. Mwenye pikipiki akawasha mashini. Kweli niliogopa kuliko siku zote tatu za muto. Nikazima ile mashini mwenyewe, nikachomoa ufunguo.

«Mama, hapana enda. Batakuua. Sisi hatukuvuka muto.»

Aliangalia medali, kisha uso yangu.

«Na jana ulibasikia banakusifu, ukanyamaza?»

«Ndiyo, mama.» Haya ilinishika mpaka masikio.

Hakunitukana. Ingekuwa afazali. Alishika mudomo na mikono yote mbili.

«Yesu Maria! Jirani yangu, ule mujane wa chumba ya pembeni, ametoka alfajiri na batoto bake, kwa miguu, kurudi kwabo ng'ambo. Hakutaka kuenda, mwanangu. Mimi nilimuambia mutoto wangu hasemi uongo.»

Nikamushusha mama, nikapanda, nikamuambia mwenye pikipiki tuende tubakute, hata kama bameshavuka muto. Yeye akashuka.

«Ufunguo uko nayo wewe, kapiteni. Mimi sina medali.»

Nikawasha, nikaenda peke yangu.