Siku Ardhi Ilipotetema Likoni

Ardhi ilipotetema, mimi na mamangu tulikuwa barazani kwetu Likoni. Mimi nilikuwa nasahihisha madaftari, yeye akichagua mchele. Vikombe viligongana kabatini, benchi likatusukuma kidogo, kisha pakatulia. Mama alinishika mkono, akasoma sura ya Zilzala, ile ya tetemeko, hadi mwisho.

"Ni nini hii?" akaniuliza. "Si ndiyo mambo unayofundisha?"

Kweli nafundisha jiografia shule ya upili, lakini yeye sikuwahi kumweleza. Nikamwambia gamba la dunia limekatika vipande vikubwa, na joto la chini kabisa huvisogeza polepole. Madagaska zamani ilishikana na pwani yetu hii, ikabanduka, bahari ikaingia kati. Sasa bara lenyewe linapasuka kule Bonde la Ufa. Ndiyo maana bonde lina kuta ndefu vile na milima ya volkano.

"Sisi tunasogea mashariki," nikasema. "Milimita chache tu kwa mwaka."

Mama akauweka ungo chini. "Na Kisumu iko upande gani?"

"Upande wa pili."

Kisumu ndiko alikoolewa dadangu. Yeye na mama waligombana siku ya hitima ya baba, kwa neno ambalo sisi tuliolisikia kila mmoja analikumbuka kivyake. Tangu hapo walikuwa wakisalimiana kupitia kwangu.

"Kumbe anazidi kwenda mbali," mama akasema.

"Mama, hayo ni mambo ya mamilioni ya miaka."

"Nimesikia. Nipigie nambari yake."

Nikampa simu, nikaingia ndani. Kupitia dirishani nilimsikia akisema, "La, nyumba haikupata ufa. Wallahi niliogopa, mwanangu." Kisha akawa anamsikiliza.

Shule zilipofungwa nilimpeleka Kisumu. Tulilala Nairobi, kwa kuwa alitaka kuliona bonde mchana. Basi lilipofika ukingoni aliegemea dirisha, akatazama mashamba kule chini, madogo kama vibandiko.

"Mbona kubwa hivi?" akaniuliza, akamenya chungwa lake.

Dadangu alikuwa akitungoja steji ya Kisumu. Alisema shikamoo, mama akaitikia marahaba, wakakumbatiana pale mlangoni mwa basi hadi utingo akawaomba wawapishe abiria wengine washuke.