Nilisoma bei ya kamera ya baba mbele ya wazee

(Aliyetuandikia ameomba asijulikane, nasi tumeliacha jina lake kapuni. Someni kwa utulivu kabla ya kumhukumu.)

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na moja, Msukuma, nina mke na mtoto mmoja, naishi Pasiansi hapa Mwanza. Nafanya kazi katika studio ya picha za rangi mjini. Naandika nikiwa na aibu, maana ninaloficha si la mtu mwingine, ni langu mwenyewe.

Baba yangu ni mpiga picha pale kivukoni Busisi. Alianza kabla sijazaliwa. Ukivuka kwenda Mwanza anakupiga, ukirudi unaikuta picha yako imesafishwa, nyeusi na nyeupe, safi kabisa. Kamera yenyewe aliinunua kwa ng'ombe wanane wa mahari ya shangazi. Kwa desturi yetu ng'ombe wale walikuwa wa kumwozea baba mdogo, mdogo wake. Baba aliwaomba, akaahidi atawarudisha, ikashindikana. Baba mdogo alichelewa kuoa, lakini ukoo ulimsamehe baba kwa sababu kamera ile ilitusomesha wote, hata watoto wa baba mdogo. Kila akiulizwa, baba alijibu, "Wote wanane waliingia kwenye kamera." Na neno lake liliaminika.

Sasa soko huria limeleta kila kitu, na tajiri wangu alikuwa anatupa makaratasi ya zamani. Humo nikaokota kitabu cha kamera, kile wenye maduka wanakiita katalogi, cha miaka ileile. Kurasa zimejaa picha za kamera na bei zake za enzi hizo. Nikaiona ya baba! Nilifurahi kama mtoto. Mwaka huu mahari ya dada yangu ilipoletwa nikaenda nacho nyumbani, nijisifu kidogo mbele ya wazee kwamba baba yetu hakununua takataka.

Kikakaa kikao, kitabu kikapita mkono kwa mkono. Baba mdogo akauliza, "Hapo wameandika bei gani, kijana wangu? Tusomee wewe unayejua Kiingereza."

Nikasoma kwa sauti: "Shilingi mia sita."

Mzee mmoja akacheka kidogo. Akasema, "Miaka hiyo ng'ombe mzuri alikuwa mia na hamsini. Mia sita ni ng'ombe wanne." Wote wakamgeukia baba. Baba mdogo akasimama, "Kaka, wale wanne wengine uliwala na nani? Miaka yote hii unanitazama usoni!"

Baba hakujitetea. Alisema tu, "Mwanangu amesoma. Siwezi kubishana na kitabu." Kikao kikaamua baba mdogo achukue ng'ombe wanne katika mahari ya dada. Shangazi alikataa hata kula chakula cha baba siku ile. Nami nilikaa pale na kitabu changu mapajani, sijui niangalie wapi.

Kesho yake asubuhi baba mdogo alinisindikiza kivukoni. Njiani akanishika bega, "Wale ng'ombe nitawauza. Wewe una ujuzi, mimi nina mtaji. Tufungue studio yetu ya rangi Pasiansi, uache kutumwa na matajiri." Jamani, nimeota studio yangu tangu nimeanza kazi. Nilimshukuru sana.

Nikapanda pantoni. Tulipokuwa katikati ya maji nikakifungua tena kile kitabu, na chini ya picha nikaona maandishi madogo ambayo mbele ya wazee sikuyatazama: bei hii ni ya kamera bila lenzi. Nikafunua kurasa za nyuma. Lenzi ilikuwa na bei yake, mfuko wa ngozi bei yake, taa bei yake, na vyote hivyo baba anavyo. Jumla yake, wanne wengine wanafika. Baba alisema kweli tupu.

Ng'ombe walikuwa bado kwenye zizi la baba. Pantoni ileile ilikuwa inarudi Busisi. Ningebaki humohumo nikarudi kuwaambia wazee kwamba nimekosea, wangenicheka yakaisha. Nilishuka Kigongo, ng'ambo ya pili, nikapanda gari la mjini. Nilijua ninachofanya, ndugu zangu, na sababu ni ile studio.

Ng'ombe wameshauzwa. Chumba tumepanga, mashine iko njiani. Nilidhani baba atanichukia, na ningepona kidogo kama angenichukia. Juzi amenitumia mtu na salamu: "Mwambie mwanangu nashukuru kunifumbua macho. Mimi sikusoma. Mwenye duka aliniuzia kamera ya ng'ombe wanne kwa wanane, na mimi nikampelekea hata samaki wa shukrani." Kamera ameitundika, hapigi tena picha. Anasema kila akiishika anaona ujinga wake.

Mwenye duka huyo bado yuko hapa mjini, mzee sana, haoni vizuri. Baba anakuja Jumamosi. Anataka twende wote kwake, nishike kitabu, nimsomee yule mzee bei usoni kwake, akiri kwamba alimwibia.

Nikisema kweli, baba mdogo anavunja studio na ukoo wote unajua nilimuuza baba yangu. Nikinyamaza, namsindikiza baba kwenda kumtukana mzee asiye na kosa. Nimeshindwa hata kumwambia mke wangu. Nyie mliolelewa na baba, nipeni neno kabla ya Jumamosi: nikimfungulia mlango, nianzie wapi?