Baba Zahra wa duka la vipuri

Leo nimeumbuka kwenye grupu la mtaa, na nashukuru.

Asubuhi nilibandika waraka mrefu: rangi si kitu, siasa ya kweli ni utu, sote ndugu.
Makofi kibao.

Mama Kulwa, jirani yangu hapa Segese, akauliza tu: "Mwalimu, yule unayemwita Mhindi wa vipuri, ni baba nani?"

Hapa kila mzazi namwita kwa jina la mwanawe. Yeye tu nilimwachia rangi.

Na yumo kwenye grupu.

Akatusalimia Kisukuma: "Mwangaluka. Mimi Baba Zahra. Mwalimu, ulimfundisha darasa la nne."

Jioni nikapita dukani. "Shikamoo, Baba Zahra."
"Marahaba. Karibu chai."

Asante, Mama Kulwa. Waraka nimeufuta.

Nyie, mwenye duka wa kwenu mnamwitaje?