Kiwanja cha Kamba za Taulo

Kazini walimwita Bwana Kesho. Kila mchoro wa bwawa la kuogelea la manispaa uliofika mezani pake aliutazama, akakuna kidevu na kuuliza, "Haya, na kesho?" Siku alipoagiza kiwanja cha pembeni mwa bwawa kiachwe kitupu, mkuu wake alimcheka.

"Wewe mwenzetu unaposa mtoto ambaye mama yake hajazaliwa."

"Bwawa nalo huzeeka, mkuu. Likizeeka, mwenzake ajengwe hapo pembeni, watu wasikose maji."

Kiwanja kikaachwa, ila hakikukaa kitupu. Mama Taulo, aliyekuwa akikodisha taulo mlangoni, alifunga humo kamba zake za kuanikia. Akina mama walioleta watoto kujifunza kuogelea nao wakafunga zao. Bwana Kesho akipita na kuona chupi za watoto zikipepea juu ya kesho yake, damu ilimchemka. Aliamuru kamba zikatwe. Asubuhi alizikuta zimerudi, zimekazwa kuliko mwanzo.

"Mama, kiwanja hiki si chako."

"Si changu, baba. Ni cha taulo."

Alistaafu akiziacha pale pale, na siku ya kuaga alimpita Mama Taulo bila hata salamu.

Miaka ikapita, kiharusi kikamwangukia. Nchi kavu, mguu wake wa kushoto aliuburuta kama gunia la mtu mwingine. Majini ulimtii. Kila asubuhi mkewe alimsindikiza bwawani, akakaa ukingoni kumtazama akitembea kwenye kina kifupi, maji kiunoni.

"Humo unatembea kwa maringo kama bwana harusi," mkewe alimwambia. "Ukifika nyumbani, hata chai unaagiza kwa kidole."

Kisha sakafu ya bwawa ikapata ufa, maji yakaanza kupotea. Mhandisi wa manispaa, binti wa rika la wajukuu zake, akaita waogeleaji wote kikaoni, pale pale kiwanjani. Bwana Kesho alikaa mbele, fimbo mapajani. Bwawa likifungwa, na mguu wake umefungwa.

"Bwawa hili litabomolewa," mhandisi alisema. "Lakini ufa tutauziba kwa muda, halitafungwa mpaka jipya likamilike. Tutalijenga hapa tulipokaa. Simjui aliyekiacha kiwanja hiki, ila Mungu ambariki."

Mkewe alimfinya. Bwana Kesho akajikohoza, akashika fimbo ainuke ajitaje. Mama Taulo akamtangulia.

"Kuachwa, kiliachwa," alisema. "Lakini mwenyewe alipostaafu, walikuja watu wakitaka kujenga maegesho ya magari. Wakaja na maofisa wa manispaa. Tukasimama chini ya kamba zetu, watoto mgongoni, tukawaambia: leo hatuanui."

Watu walicheka. Bwana Kesho hakucheka. Siku zote aliamini kwamba kiwanja kililindwa na mchoro wake. Kumbe mchoro ulikuwa umelala kabatini, na zamu ya ulinzi ilishikwa na kamba zile zile alizozikata. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Aliinuka kwa taabu.

"Mimi nilikiacha tu. Wewe ndiye uliyekitunza, mama. Asante."

"Na yule aliyekuwa akikata kamba zangu?"

"Yule alistaafu."

Mama Taulo alimtazama, midomo ikimcheza. "Basi akae. Mguu wake mbovu."

Alikaa, kisha akamgeukia mhandisi. "Binti yangu, kwenye bwawa jipya kamba umeziweka wapi?"

Mhandisi alipekua michoro yake. Hakuwa ameziweka popote. Akatoa kalamu.

"Upande wa jua," Mama Taulo alisema. "Kivulini taulo hunuka."

Asubuhi iliyofuata Bwana Kesho aliacha taulo lake nyumbani makusudi. Mlangoni alimwamkia Mama Taulo, akakodi moja. Lilikuwa bado na joto la kamba.