Vidole vya Shangazi

Mume wangu hajawahi kuchinja hata kuku. Sikukuu zote tulikuwa tunamwita jirani. Lakini nilipoanza kutoka mabaka meusi mapajani na mikononi, mtaa wetu wote wa Soweto, Mbeya, ulikata shauri kwamba ananitwanga. Nikisema sijapigwa na mtu, akina mama wa jumuiya walinipapasa mgongo: pole, wanaume ndivyo walivyo. Niliichukia ile pole yao.

Kikao kikaitwa. Mume wangu, mtu wa kupenda mambo yaishe, alishauriwa na baba yake aombe msamaha tu ili watu wakale. Akaomba! Akaapa hatarudia. Nilitamani kumpiga mimi. Wiki haikuisha, nikaamka na baka jipya kwenye kiwiko, na fizi zinatoka damu.

Ndipo shangazi yangu alipopanda basi kutoka Iringa. Kwetu shangazi ndiye anayempeleka binti kwa mume, na ndiye mwenye haki ya kumrudisha. Hakunywa hata chai.

"Twende, mwanangu. Huyu tulikosea."

Alinikamata mkono na kunivuta hadi stendi bila kulegeza, mume wangu akitufuata na begi langu kichwani. Nililia njiani. Nilikuwa nampenda yule mwanamume, na ndoa yangu ndiyo hiyo inabaki nyuma.

Basi liliposimama Igawa, nilikunja mkono wa sweta ninunue mahindi ya kuchoma dirishani. Shangazi akauona mkono wangu. Vidole vinne na gumba vilikuwa vimejichora, rangi ya zambarau. Akaweka kiganja chake juu. Vikaenea sawasawa.

"Ni mimi?"

"Ni wewe, shangazi."

Mahindi hayakulika. Tulipofika Iringa hatukwenda nyumbani, tulikwenda hospitali. Damu ilipopimwa, chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zilikuwa zimebaki chache mno. Kinga ya mwili wangu mwenyewe ilikuwa inazishambulia. Daktari alisema katika umri wangu wanawake huugua zaidi kuliko wanaume; kwamba mara nyingine huanza baada ya mafua au homa ya virusi, nami nilikuwa nimetoka kuugua mafua makali; wengine wana bakteria wa tumboni; na kwa wengi sababu haijulikani.

"Na mume yuko wapi hapo?" shangazi akauliza.

"Mume hayumo, mama."

"Hata mwishoni?"

"Hayumo kabisa."

Nililazwa, nikaanzishiwa vidonge. Shangazi akampigia simu mume wangu; kesho yake mchana akaingia wodini, akasimama mbali na kitanda, mikono nyuma. Tangu siku ya kikao alikuwa hajanigusa. Hata kikombe aliniwekea mezani nichukue mwenyewe. Shangazi akainuka, akampisha kiti.

"Mkwe," akasema, macho chini, "mshike mkeo mkono. Polepole tu."

Akakaa, akanishika. Alinishika kwa ncha za vidole tu.