Dawa Niliyoitoa Itupwe Ziwani

Baada ya kumzika mume wangu, usingizi ulinikimbia. Muuza dawa mmoja wa sokoni Kalemie akaniuzia diazepamu. Nilianza na kidonge kimoja jioni. Baadaye nilikuwa sithubutu kutoka nyumbani bila kumeza. Niliogopa kulala, niliogopa kuamka, na kilichonitisha kupita vyote ni siku vidonge vitakapoisha.

Katika kikundi chetu cha maombi, aliyefungwa na kitu hukileta mbele ya watu kikaombewa, kisha Mama kiongozi huenda kukitupa ziwani. Wengine walileta hirizi, wengine chupa za lotoko, ile pombe kali ya kienyeji. Mimi nilitoa vidonge vyangu vyote. Walipiga makofi, nikajiona nimepona.

Haikupita wiki, mikono ikaanza kutetemeka, chai ikawa inamwagika kwenye kitenge. Nikawa nasikia watu wakinong'ona chumbani, na chumbani hamna mtu. Halafu nikaanguka jikoni kwa degedege, nikauma ulimi. Kikundi kilikuja kikasema pepo anatoka, niachwe nifunge. Binti yangu hakubishana nao. Aliita pikipiki, akanifunga mgongoni mwake kwa kitenge, mimi mama yake, akanipeleka hospitali.

Daktari hakunicheka. Alisema mwili uliozoea dawa hii ukinyimwa ghafla, mtu anaweza kufa. Nirudi kuimeza, kisha tuipunguze polepole kwa miezi. Niliogopa upya: nilishashuhudia mbele ya watu kwamba niko huru!

Sasa binti yangu anakata kidonge kwa wembe, ananipa kipande, vingine anavifungia. Kila kipande kinapopunguzwa, hofu inanirudia, namtukana. Ananiambia haraka haraka haina baraka. Siku hizo naichukia methali hiyo.

Juma lililopita Mama kiongozi alikuja kunitembelea. Nilijua amekuja kunikemea. Lakini alipopokea kikombe cha chai, kikawa kinagongagonga sahani, na mtetemeko ule ninaujua.

"Ile dawa yako sikuitupa mu ziwa," alisema bila kunitazama. "Njo ile nilikuwa namezaka mimi mwenyewe. Nimeacha tangu juzi. Kesho nitaapa mbele ya watu sitaimeza tena."

Nilimpokonya kikombe, nikamshika mikono yote miwili.

"Usiape, Mama," nilimwambia. "Twende hospitali sasa hivi."

Binti yangu alikuwa ameshatoka kutafuta pikipiki.